Mdogo Wangu, Mwalimu Bado

Wanafunzi wake wanamwita Bado. Akipita kwenye korido ya shule unasikia mnong'ono unatangulia mbele yake, "Bado huyo, Bado huyo," na anayekula karanga anazimeza bila kutafuna. Ni mdogo wangu, tumbo moja, nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Anafundisha fizikia, na katika darasa lake hakuna maksi. Hakuna tisini ya kumvimbisha mtu kichwa, hakuna thelathini ya kumliza. Kuna maneno mawili tu: ameweza, na bado.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu na domo lisilo na breki, na kwa muda mrefu habari hizo zilikuwa kichekesho kwangu. Wateja wakikosa stori nilikuwa nawapa ya mdogo wangu. Nilicheka hivyo mpaka binti yangu alipoingia darasani kwake. Siku hiyo kicheko kilinikauka.

Utaratibu wake ni huu. Muhula ukianza anabandika ukutani mambo ambayo kila mwanafunzi anatakiwa ayaweze, kwa maneno ya kawaida: naweza kueleza kwa nini kitu kinachoanguka kinaongeza kasi, naweza kuunga balbu kwa mfululizo na kwa sambamba, na kadhalika. Akishakufundisha jambo, anakuita mezani umwonyeshe. Ukishindwa hakutukani. Anasema "bado," anakupa mazoezi, anakwambia ukiwa tayari urudi. Ukirudi unapewa swali jingine, si lile lile la jana ulilokwisha kulikariri. Ukiweza, ile bado inafutwa kana kwamba haikuwahi kuwepo, na unatoka sawa kabisa na yule aliyeweza siku ya kwanza. Lakini usipoweza hutoki, hata uwe na adabu ya malaika, hata baba yako awe na gari refu kuliko darasa.

Wazazi wamemsema mpaka wamechoka. Kwenye mkutano mmoja fundi cherehani mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nataka nambari. Mwanangu ni wa ngapi?" Mdogo wangu akamjibu kwamba mwanawe si wa ngapi, ila anaweza mambo manane na mawili bado. Yule baba akakaa chini akiwa amevimba kama andazi. Wengine wanasema ana mkono wa birika, maksi hazimtoki. Shemeji yangu, mume wake, ni dereva wa lori na mtu wa utani. Anasema hata nyumbani akiuliza kama chai iko tayari anaambiwa bado, na yeye hajui kama ni chai au ni yeye.

Ukitaka kumjua, mtazame mkoba wake. Wanawake wengine wanabeba poda na kitana. Yeye ana mita ya kupimia umeme, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, imejisokota kwenye shanga za funguo. Sketi zake zote zina chaki upande wa kulia, kwa sababu ndiko anakofutia mkono. Chakula cha mchana anakila kwa kusimama, kijiko mkono mmoja, maana saa ya mapumziko ndiyo saa ya wanaorudia, na mlango wa maabara una foleni ndefu kuliko saluni yangu siku ya kuamkia harusi. Tangu mtoto alikuwa hivyo. Ukimfundisha mchezo wa kuruka kamba, haendi hatua ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Wenzake walishamaliza kucheza, wameoga, wamekula, yeye bado anaruka peke yake uani. Nilikuwa namwona mzito wa akili. Mama alikuwa anasema tumwache.

Tuligombana kweli mara moja tu, na ilikuwa saluni kwangu. Binti yangu alikuwa ameleta bado yake ya kwanza, nami nikamvaa mdogo wangu mbele za watu. "Mtoto amejibu tisa kati ya kumi, wewe unamwandikia bado? Kwa hesabu gani?" Akaniangalia, kisha akamwangalia msichana ninayemfundisha kazi, ambaye muda huo nilikuwa nimemwamuru afumue nywele za mteja alizokuwa ameshazisuka zote.

"Dada," akasema, "hizo nywele upande mmoja si nzuri?"

"Ni nzuri. Huu wa pili umekwenda mrama."

"Sasa si umpe nusu ya sifa, mteja naye alipe nusu, aende zake?"

Mteja akacheka. Siku nzima nilikuwa nawavuta watu nywele kwa hasira.

Basi, lililonipata ni hili. Binti yangu alitaka chuo cha mafundi umeme. Alikitaka tangu alipoona mwanamke amepanda nguzo mtaani kwetu, amevaa kofia ngumu, anaimba. Chuo kikamkubali, nafasi yenye kulala na kula humohumo, ila kwa sharti: mwalimu wa fizikia athibitishe kwamba ameyaweza yote yanayohusu umeme. Uthibitisho unaingizwa kwenye kompyuta ya shule na karani, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, mwisho wa saa za kazi. Baada ya hapo mfumo unajifunga wenyewe, na Jumatatu nafasi wanampa mwingine. Na mwalimu wa kuthibitisha ni nani? Mama yake mdogo. Nilipata ahueni niliposikia, mjinga mimi, nikadhani udugu utatubeba.

Lilikuwa limebaki jambo moja: naweza kutafuta kasoro kwenye saketi na kueleza nimeijuaje. Anachofanya mdogo wangu ni kuchukua kibao chenye balbu tatu zilizofuatana kwenye njia moja na betri, halafu anaharibu kitu kwa siri. Ukiwasha swichi, hakuna kinachowaka. Unapewa mita, unatafuta palipokatika.

Mara ya kwanza mtoto alipima balbu. Mbili mita ikasema sifuri, moja ikaonyesha nguvu yote ya betri. Akasema ile yenye nguvu ndiyo nzima, mbovu ni mojawapo ya zile zenye sifuri. Kumbe ni kinyume. Bado. Akaenda akakariri: balbu yenye nguvu yote ndiyo iliyokatika. Mara ya pili mama yake mdogo hakugusa balbu, akakata waya. Mtoto akapima balbu zote tatu, zote sifuri, akachanganyikiwa, akasema betri imekufa. Betri ilikuwa mpya. Bado tena.

Wiki ile nyumbani hapakukalika. Mtoto alikuwa anaongea na sahani. Anachukua vijiko vitatu, anavipanga mezani, anavinyooshea kidole, anasema "sifuri, sifuri, sifuri," halafu anashika tama. Nikimwambia ale anasema ameshiba. Nilimchoma mteja sikio na pasi ya nywele na sikumbuki kama nilimwomba radhi. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Huyu ni mwanao," nikamwambia. "Umemlea. Kama kuna pa kufumbia jicho, fumba hapa."

"Dada, kule atashika nyaya za umeme wa kweli, si betri ya redio."

"Kule watamfundisha!"

"Kule wataamini nilichoandika mimi."

Nikamkatia simu. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuuma mtu, lakini zaidi ya hasira nilikuwa naogopa. Mimi ndimi ninayejua akikosa kile chuo atabaki wapi. Atabaki kwenye kiti changu cha tatu, anasuka, anakunja uso, na nguzo za umeme anazitazama dirishani.

Ijumaa nikafunga saluni nikaenda naye. Sikualikwa. Maabara ni chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na vumbi lililopata moto, stuli za chuma zinazokwaruza sakafu, na yale maneno ya "naweza" yamejaa ukutani. Foleni ya wanaorudia ilikuwa imekwisha. Tulibaki sisi watatu. Mdogo wangu aliponiona akanisogezea stuli kwa mguu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua kwamba na yeye hakulala, na sikufurahi wala sikusikitika, nilikuwa nimefika mahali pa kutohisi.

"Uko tayari?" akamuuliza mtoto.

"Niko tayari, mwalimu." Shuleni hamwiti mama mdogo.

Akaweka kibao. Balbu tatu, betri, na nyaya nne zilizofungwa utepe mweusi zote sawa, huwezi kujua ipi nzima ipi imekatwa ndani. Mtoto akawasha swichi. Giza. Akachukua mita. Akapima balbu ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Vilikuwa vile vijiko vya nyumbani, na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo kwa maneno yasiyo na mpangilio.

Akahamia kwenye nyaya. Akapima wa kwanza, sifuri. Mara mlango ukagongwa kwa nguvu, karani akaingiza kichwa.

"Mwalimu, nafunga. Jina la huyu niandike nini?"

Mdogo wangu akageuka kumjibu. Mtoto alishtuka, ncha ya mita ikamponyoka ikagonga meza. Aliporudisha macho kwenye kibao nilimwona amepauka. Akanyoosha kidole kwenye waya wa mwisho.

"Huu," akasema.

Mdogo wangu akarudi mezani, akauchomoa ule waya, akaweka mwingine. Balbu zote tatu zikawaka.

Nikapiga makofi. Nikapiga kelele, sijui niliita nani. Stuli ikaanguka. Karani naye akatabasamu, kumbe ana meno mazuri, sijawahi kuyaona. "Umejuaje?" mdogo wangu akauliza, na mtoto akajibu kwamba palipokatika ndipo panapoonekana nguvu yote ya betri. Jibu safi, neno kwa neno. Nikamwona mdogo wangu mabega yakimshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Akamgeukia karani, akafungua mdomo.

"Mwalimu," mtoto akasema. "Nimebahatisha."

"Huo waya sikuupima. Nilipima mmoja tu. Ile sentensi ninaijua, lakini sijui kwa nini iko hivyo."

Nilitaka kumziba mdomo. Nasema ukweli, mkono ulishanyanyuka. "Wewe mtoto una kichaa?" nikamwambia. "Balbu si zimewaka? Mwalimu, andika! Mdogo wangu, mwandikie, mimi nakuomba." Nilimshika mkono, ule wa chaki, nikauvuta. Hakuutoa. Alikuwa anamwangalia mtoto kwa namna ambayo siwezi kuieleza, kama anataka kumkumbatia na kumlilia kwa pamoja.

"Usiandike kitu," akamwambia karani, na sauti ilikuwa inakwaruza. "Acha wazi. Nipe muda kidogo."

"Mwalimu, mimi muda sina wa kumpa mtu. Mashine inajifunga yenyewe. Ikijifunga pakiwa wazi, wanahesabu bado."

"Najua. Nenda ukae nayo. Nakuja."

Karani akaondoka, viatu vikilia kwenye korido. Mdogo wangu akachukua kibao kingine kabatini, akatugeuzia mgongo, tukasikia anachomoa na kuchomeka. Akakiweka mezani. "Taratibu," akasema. Mimi nikamwona naye amerukwa na akili. Taratibu! Saa ya ukutani ilikuwa inanidunda kichwani, na huyu anasema taratibu.

Mtoto akawasha swichi. Giza. Akashika mita, kisha akaiweka chini. Akakunja mikono, akakitazama kibao. Nikahesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Nikataka kusema "mwanangu, gusa basi kitu," mdogo wangu akanitazama jicho moja tu nikameza maneno. Mtoto anatazama tu. Nje mfagizi anaburuta madawati, anapiga mluzi kama mtu asiye na shida duniani.

Halafu akachukua mita tena, na safari hii hakuanza na balbu. Ule waya mweusi wa mita aliuweka kwenye mkia wa betri akauacha hapohapo. Ule mwekundu akautembeza njiani kuanzia kichwa cha betri, akisimama kila kiungo. Nguvu yote. Mbele kidogo, nguvu yote. Akapita balbu ya kwanza, nguvu yote. Akapita waya, akagusa upande wa pili. Sifuri. Akarudi nyuma: nguvu yote. Akaenda mbele: sifuri. Akafanya hivyo tena na tena, mbele, nyuma, na nikaona uso wake unabadilika taratibu.

"Ni hapa," akasema. "Kati ya hapa na hapa."

"Umejuaje?"

"Betri inasukuma mpaka hapa, halafu hakuna njia. Kama foleni ya saluni kwa mama, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna anayetembea, lakini wote wanasukumwa. Upande huu wote unasukumwa sawa, upande ule wote hausukumwi kabisa. Mita haipimi kitu kimoja, inapima tofauti ya pande mbili. Balbu nzima pande zake mbili ziko sawa, ndiyo maana inasema sifuri! Si kwamba ni mbovu, ni kwamba hakuna tofauti. Tofauti yote iko hapa, mlangoni."

Hakuna aliyemfundisha hayo ya mlango. Mdogo wangu hakusema vizuri wala hongera. Alisema "ameweza," neno moja, kwa sauti ndogo, halafu akakimbia.

Sijamwona mdogo wangu akikimbia tangu tukiwa watoto. Alitoka na sketi yake ya chaki, kiatu kimoja kikamtoka mlangoni, akakiacha. Tulisikia miguu yake, mmoja unagonga na mmoja haugongi, ikienda mbali kwenye korido upande wa ofisi, mpaka isisikike.

Nikabaki na mtoto. Yeye hakuwa hapa duniani. Alikuwa amebadilisha waya, balbu zimewaka, amezizima tena, amechomoa waya mwingine kwa mkono wake mwenyewe ili autafute upya, na anaongea bila kituo. "Mama, angalia. Mama, huoni? Nikikata hapa itahamia hapa. Hata zikiwa balbu mia!" Alikuwa anacheka. Wiki nzima sikuwa nimemwona akicheka, na kucheka namna ile, kwa koo lote, pengine sikuwa nimemwona miaka. Nilikuwa namwitikia, "Ehee, ehee," na masikio yangu yote yako kwenye korido.

Miguu ikarudi. Mmoja unagonga na mmoja haugongi, polepole sana. Mtu mwenye habari njema hatembei hivyo. Nilijua kabla hajafika, lakini nikaendelea kusubiri labda nimekosea, labda amechoka tu, mwili si wa kukimbia tena.

Mdogo wangu akasimama mlangoni. Mtoto alikuwa amempa mgongo, ameinamia kibao, ananieleza. Mdogo wangu akanitazama mimi, akatikisa kichwa mara moja, akauma mdomo ili usitoe sauti. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni wala hayafuti.

Nikashika meza.

"Umeelewa, mama?" mtoto akaniuliza, ananyanyua kichwa, karibu ageuke.

"Sijaelewa," nikasema upesi. "Hebu rudia hapo kwenye mlango."

Akainama tena, akashika mita, akaanza upya kunieleza.